Pedi za kujaza upepo ndani ya helmeti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu helmeti za michezo ya kugongana ambazo ndani yake kuna vifuko vya kujaza upepo. Mfumo huu umezoeleka zaidi kwenye futiboli ya Kimarekani, kwa hiyo mifano mingi inatoka huko, lakini yanayosemwa kuhusu upepo, vali na uvaaji yanafaa kwa helmeti yoyote ya aina hiyo. Kijitabu kilichokuja na helmeti yako kikisema tofauti na sisi, kifuate chenyewe.

Pedi ya upepo ni kitu gani hasa?

Ni kifuko cha plastiki laini kilicholazwa kati ya ganda gumu la nje na kichwa. Aghalabu ni tabaka mbili za plastiki zilizogandishwa pamoja kwa joto, zikaachiwa vyumba vinavyowasiliana kwa vijia vyembamba. Kwa kawaida kifuko kimoja huzunguka pembeni hadi kisogoni na kingine hukaa utosini. Kila kimoja kina vali ndogo ya mpira inayofikiwa kupitia tundu kwenye ganda, ili uweze kukijaza helmeti ikiwa tayari kichwani.

Geuza helmeti yako, bonyeza chumba kimoja kwa kidole gumba. Utaona chumba cha jirani kinavimba, na ukiachia, upepo unarudi taratibu. Sasa bonyeza kwa nguvu zaidi: mahali fulani kidole kitakutana na kitu kinachokataa kusogea haraka. Hiyo ni sponji. Inaweza kuwa ndani ya chumba chenyewe au nyuma yake, na ndiyo inayofanya kazi kubwa.

Kwa hiyo upepo siyo unaonikinga?

Unasaidia, ila kazi yake kuu ni kuifanya helmeti ikae sawasawa kichwani. Watu wengi hudhani wamevaa puto linalomeza kishindo. Upepo uliofungiwa mahali pasipo na njia ya kutokea ni springi: ukiubana unahifadhi nguvu, na ukiuachia unairudisha karibu yote. Kichwa hakihitaji kurudishiwa nguvu. Kinahitaji kitu kitakachoipoteza, yaani kuigeuza kuwa joto, na hiyo ndiyo kazi ya sponji nzito za vinili na nitrili zinazotumika kwenye helmeti za kugongwa mara nyingi: zinabonyea, kisha zinarudi pole pole. Vile vijia vyembamba kati ya vyumba vina mchango wao pia, kwa sababu upepo unaolazimishwa kupita penye upenyo mdogo hupoteza nguvu njiani. Kuna helmeti zilizojengwa juu ya wazo hilohilo, zenye vikombe vya plastiki vinavyotoa hewa kwa tundu dogo vikibanwa na kuivuta tena vikiachiwa.

Mbona basi tunasumbuka na upepo? Kwa sababu ya nafasi na muda. Tuseme kichwa kinaanguka kutoka mita 1.5. Kikifika chini kina mwendo wa karibu mita 5.4 kwa sekunde. Kikisimamishwa taratibu ndani ya sentimita 2.5 za pedi, kinapata kishindo cha takriban mara 60 ya nguvu ya uvutano. Zipunguze sentimita hizo ziwe nusu, na kishindo kinakuwa mara 120. Hesabu hii ni ya hali bora kabisa, ambayo uwanjani haipatikani, lakini inaonyesha kwamba kila milimita ya pedi ina thamani. Helmeti inayocheza kichwani inazipoteza milimita hizo bure: ganda linasimama kwanza, kichwa kinaendelea na safari peke yake, halafu kinaikuta pedi kikiwa bado na kasi. Upepo unaziba ule mwanya, kichwa na pedi vinaanza kusimama pamoja.

Si ningenunua tu helmeti ya saizi yangu, nikaachana na mambo ya pampu?

Vichwa viwili vyenye mzunguko uleule vinaweza kuwa na maumbo tofauti kabisa. Mmoja ana kichwa kirefu cha mbele-nyuma, mwingine cha mviringo, mwingine kisogo chake ni bapa na panja zimetokeza. Ganda hutengenezwa kwa saizi chache, na kati ya saizi na saizi watu wengi hubaki katikati. Sponji za unene mbalimbali hupunguza tofauti hiyo na upepo humalizia iliyobaki.

Mpangilio ni huohuo siku zote: ganda, kisha pedi za sponji, upepo mwisho. Anayeanza na upepo atakuwa anaficha kosa la saizi.

Nipime kichwa vipi?

Tumia futi kamba ya fundi cherehani. Ipitishe sentimita 2.5 hivi juu ya nyusi, juu kidogo ya masikio, na nyuma kwenye sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi. Pima mara mbili, chukua kipimo kikubwa. Halafu angalia jedwali la mtengenezaji huyo huyo. "Kubwa" ya kiwanda kimoja si lazima iwe "kubwa" ya kingine.

Nijaze upepo kwa hatua zipi?

Kwanza toa upepo wote uliomo. Ingiza sindano tupu kwenye kila vali na ubonyeze pedi hadi iishe kabisa. Hatua hii wengi huiruka, hasa wanaorithi helmeti ya mwenzao, na matokeo yake ni kujaza upepo juu ya upepo uliowekwa kwa kichwa cha mtu mwingine.

Mchezaji avae helmeti kwa kutanguliza vidole gumba kwenye matundu ya masikio na kuivuta ishuke. Kama ana desturi ya kucheza na kitambaa cha kichwani, akivae sasa. Watunza vifaa wengi hupenda nywele ziloweshwe kidogo, kwa kuwa ndivyo zitakavyokuwa baada ya dakika chache za jasho. Funga mkanda wa kidevu, kidevu kikae katikati ya kikombe chake na mikanda ya pande zote mbili ivutike sawa.

Sasa sindano. Ipake kilainishi cha gliserini, tone moja tu. Ingiza kwa kuinyoosha wima huku ukiizungusha kidogo, usiisukume kwa upande. Ukihisi inagoma, itoe na uanze upya. Sindano iliyopinda hutoboa ukuta wa kifuko, na tundu hilo haliko kwenye vali utakakoliona, liko ndani.

Jaza kwa mikupuo midogo huku mchezaji akikueleza anavyosikia. Subiri neno "inabana kila mahali sawasawa", siyo "inauma". Kifuko kipi kitangulie hutegemea mtengenezaji, lakini kumbuka kwamba ule upepo wa utosini huinua helmeti nzima. Ukishaujaza, rudi utazame urefu wa helmeti juu ya nyusi, kwa sababu umeshabadilika. Chomoa sindano haraka na kwa kunyoosha. Kale kasauti kafupi ka upepo unaotoroka ni ka kawaida. Kasipokoma, vali ina matatizo.

Nitajuaje imekaa vizuri?

Mkanda ukiwa umefungwa, shika kinga ya uso kwa mikono miwili na ujaribu kuigeuza helmeti kushoto na kulia huku mchezaji akikaza shingo. Mtazame paji la uso. Ngozi yake inatakiwa ivutwe pamoja na pedi, ijikunje na kujikunjua. Ikiwa helmeti inateleza juu ya ngozi, bado imelegea. Fanya hivyohivyo kwa kuivuta juu na chini.

Kisha bonyeza juu ya helmeti kwa viganja. Mchezaji aeleze msukumo anausikia wapi. Akisema utosini, sawa. Akisema kwenye paji la uso, pedi ya utosi haina upepo wa kutosha. Ukingo wa mbele uwe kama sentimita 2.5 juu ya nyusi, matundu ya masikio yakae usawa wa masikio, na pedi za taya ziguse mashavu bila mwanya. Nyuma, helmeti ifunike kisogo chote bila kuchoma shingo mchezaji akiinua uso kutazama juu.

Mwishoni mwambie akimbie kidogo, ainame, atikise kichwa. Kuna helmeti inayopita majaribio yote akiwa amesimama wima halafu inashuka hadi machoni mara tu anapoinama.

Nikizidisha upepo si nitakuwa salama zaidi?

Hapana. Kifuko kilichojaa kupita kiasi kinakuwa kigumu, kinaviringika kama mpira, na badala ya kukumbatia kichwa kinakigusa sehemu chache tu. Kichwa kinasukumwa mbali na sponji, helmeti inapanda juu, paji la uso linabaki wazi. Halafu kuna maumivu: baada ya nusu saa mchezaji ataanza kulegeza mkanda kwa siri, na hapo juhudi zote zimekwenda na maji. Alama nyekundu inayofifia muda mfupi baada ya kuvua ni ya kawaida. Maumivu ya kichwa siyo ya kawaida.

Kwa nini helmeti iliyokaa vizuri jana leo imelegea, na hakuna pancha?

Mtuhumiwa wa kwanza ni baridi. Upepo ukipoa unasinyaa. Ukijaza chumbani penye nyuzi joto 24 kisha ukatoka kwenye uwanja wenye nyuzi 4, shinikizo la ndani, kama ujazo haukubadilika, linapungua kwa karibu asilimia 7, yaani takriban kilopaskali 7 (kilopaskali ni kipimo cha shinikizo). Kwenye tairi la gari usingeona tofauti kubwa. Kwenye kifuko cha helmeti, ambacho upepo wake wa ziada ni kidogo tangu mwanzo, utaisikia mara moja. Ikishakaa kichwani kwa muda, joto la kichwa hurudisha sehemu ya kilichopotea, ndiyo maana si busara kukimbilia pampu dakika ya kwanza. Vaa, fanya mazoezi ya kupasha mwili moto, kisha pima.

Mtuhumiwa wa pili anasahaulika zaidi ingawa ana nguvu kuliko baridi: mwinuko wa mahali. Usawa wa bahari hewa ya nje inakandamiza kwa kilopaskali 101 hivi. Ukipanda hadi mita 1,600, imeshuka hadi karibu 83. Upepo ulioufungia pwani unakuta nje hakuna wa kuubana kama zamani, unatanuka, na helmeti iliyokuwa inakaa vizuri inaanza kuminya panja. Timu inayotoka milimani kwenda kucheza bondeni inakutana na kinyume chake, helmeti zinalegea. Kwa hiyo upepo hujazwa upya pale pale mechi itakapochezwa, siyo siku moja kabla nyumbani.

Safari ya ndege ni hivyohivyo. Hewa ndani ya ndege za abiria hushushwa hadi kulingana na mwinuko wa takriban mita 2,400. Toa upepo kabla ya kufunga mizigo. Kuujaza tena ni kazi ya dakika chache, na viungio vya kifuko vitadumu zaidi.

Nikague kila baada ya muda gani?

Kabla ya kila mazoezi na kila mechi kwa mkono, na kwa utaratibu kamili angalau mara moja kwa wiki. Mara moja mwanzoni mwa msimu haitoshi hata kidogo. Vali huvuja pole pole, nywele hukua au hunyolewa, pedi za taya husinyaa, mikanda huvutika. Mchezaji mwenyewe ndiye mkaguzi mzuri kuliko wote, akifundishwa. Asiyefundishwa huzoea helmeti iliyolegea na kuisifu kwamba siku hizi haimsumbui.

Je, inazuia mtikisiko wa ubongo?

Hakuna helmeti inayozuia mtikisiko wa ubongo, iwe na upepo au isiwe nao, na muuzaji anayeahidi hivyo usimsikilize. Helmeti za futiboli zilibuniwa kwanza kabisa kulinda fuvu lisipasuke, na katika hilo zimefanikiwa sana.

Historia yake inaeleza mengi. Ganda la plastiki lilianza kutumika mwaka 1939, likichukua nafasi ya ngozi. Ligi ya kulipwa ya NFL ilizifanya helmeti kuwa lazima mwaka 1943. Mwaka 1968 wachezaji 36 nchini Marekani walikufa kwa majeraha ya moja kwa moja ya mchezo huo, na mwaka uliofuata ikaundwa kamati ya viwango, NOCSAE. Kiwango chake cha kwanza cha helmeti za futiboli kilitoka mwaka 1973. Vyuo vikalazimishwa kukifuata mwaka 1978 na shule za sekondari mwaka 1980. Katikati ya hapo kulikuwa na tatizo jingine: wachezaji waliokuwa wakijiona wamevaa chuma walianza kugonga kwa kichwa, na shingo zikawa zinavunjika. Mwaka 1976 sheria zikapiga marufuku kutanguliza kichwa wakati wa kukaba. Mwaka 1990 ulipita bila kifo hata kimoja cha moja kwa moja. Ukitaka kujua ni kifaa au ni sheria vilivyoleta nafuu hiyo, jibu la haki ni vyote viwili, na mimi binafsi ningeipa sheria alama nyingi kuliko watengenezaji wanavyopenda kukiri.

Mtikisiko wa ubongo ni suala jingine. Ubongo ni laini, unaelea ndani ya maji ya fuvu, na kichwa kikizungushwa ghafla ganda la mfupa linageuka kabla ya kilichomo. Mwanafizikia wa Uingereza, Holbourn, alieleza tangu mwaka 1943 kwamba mzunguko wa aina hiyo ndio unaovuta na kuchana nyuzi za ubongo. Pedi inayolainisha pigo la moja kwa moja haiwezi kuufuta mzunguko huo wote. Baadhi ya helmeti za sasa zina tabaka linaloteleza kidogo ndani ili kupunguza sehemu yake. Mfumo unaojulikana zaidi ulianzia Stockholm miaka ya 1990 na unaitwa MIPS.

Kinachobaki kwa mtumiaji wa kawaida: mchezaji aliyegongwa akapoteza mwelekeo, akaumwa kichwa, akatapika au akawa anauliza swali lilelile mara tatu, atoke uwanjani na asirudi siku hiyo. Hali ya helmeti yake haibadilishi uamuzi huo.

Mtoto wangu anakua haraka. Nimnunulie kubwa kidogo, nafasi inayobaki tujazie upepo?

Tafadhali usifanye hivyo. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuharibu kifaa kizuri. Helmeti kubwa iliyojazwa upepo mwingi inakaa kichwani kwa kushikiliwa na vifuko vilivyovimba, huku sponji ikiwa mbali inakosubiri pigo ambalo litafika limeshachukua kasi. Zaidi ya hayo, ganda kubwa ni zito, na shingo ya mtoto haijakomaa kulibeba. Uzito wa ziada kichwani unafanya kila mtikisiko wa kichwa kuwa mgumu kuuzuia, na mtoto anachoka mapema, anaanza kuinamisha kichwa, mkao ulio wa hatari kuliko yote wakati wa kugongana.

Nunua saizi inayomfaa leo. Kama fedha ni tatizo, helmeti iliyotumika lakini ikakarabatiwa na kuthibitishwa ni bora mara nyingi kuliko mpya isiyomtosha. Na kwa watoto ukaguzi uwe wa mara kwa mara zaidi, kwani wengi hawasemi inapowabana; wanahofia kuondolewa kwenye timu.

Nimesuka nywele. Inaathiri?

Ndiyo. Mafundo ya nywele huinua pedi sehemu chache na kuacha mianya kati yake. Jaza upepo ukiwa na mtindo utakaochezea, na ukifumua au kunyoa, anza upya kabisa. Vibanio vya chuma au plastiki ngumu vitolewe. Chini ya pedi vinageuka kuwa misumari.

Upepo unaisha kila siku. Kasoro iko wapi?

Anza na vali, kwa sababu ndiyo yenye hatia mara nyingi. Paka povu la sabuni juu yake baada ya kujaza na utazame kama kuna kiputo kinachokua. Vali kavu hupasuka. Tone la gliserini wakati mwingine huiponya. Vumbi na majani yaliyoingia kwenye tundu nayo huizuia isijifunge.

Vali ikiwa nzima, chomoa kifuko, kijaze kiasi, kizamishe kwenye beseni la maji na ukibonyeze chumba baada ya chumba. Vipovu vitakuonyesha. Kiungio kilichoachia au ukuta uliotoboka hauzibwi kwa gundi wala kiraka cha tyubu: kiraka kinakuwa kigumu mahali pasipotakiwa ugumu, na gundi nyingi zina viyeyusho vinavyokula plastiki. Agiza kifuko kingine cha modeli hiyohiyo. Hadi kifike, helmeti hiyo isichezewe, hata kama mechi ni fainali.

Naweza kutumia pampu ya mpira? Kompresa? Mdomo?

Pampu ndogo ya mkono, ndiyo, mradi sindano iwe ile iliyopendekezwa kwa helmeti, kwa maana urefu na unene hutofautiana. Kompresa, kamwe: inajaza haraka kuliko mkono wako unavyoweza kuizuia, na kifuko hupasuka kwenye viungio. Mdomo hauna nguvu ya kutosha na unaingiza unyevu.

Kwa nini helmeti za baiskeli hazina mfumo huu?

Kwa sababu helmeti nyingi za baiskeli hutegemea falsafa tofauti. Ndani yake kuna povu gumu jeupe la polistareni ambalo hupondeka likigongwa, na kupondeka huko ndiko kunakomaliza nguvu ya pigo. Halirudi. Helmeti ya baiskeli iliyoanguka vibaya mara moja imekwisha kazi, inatupwa. Mcheza futiboli anagongwa mara nyingi kwa jioni moja, hivyo anahitaji kitu kinachoweza kurudi katika umbo lake.

Kwenye baiskeli, ukaaji hurekebishwa kwa gurudumu dogo la kisogoni. Baadhi ya helmeti za pikipiki, kwa upande mwingine, zina mto wa upepo kwenye mashavu unaojazwa kwa kubonyeza kitufe; kampuni ya Scorpion huuita AirFit. Huko nako kazi ya upepo ni kukaza ukaaji, kwa maana chini ya vitambaa kuna polistareni ileile.

Kuna kola ya mwendesha baiskeli inayolipuka kama mfuko wa hewa wa gari. Ni jambo lilelile?

Ni jambo tofauti kabisa. Kola hiyo, Hövding, ilianzia kwenye mradi wa wanafunzi wawili wa Uswidi, Anna Haupt na Terese Alstin, mwaka 2005. Ilikuwa tupu hadi vihisio vyake vitambue ajali, ndipo ikajijaza kwa gesi. Kampuni yake ilifilisika mwaka 2023. Pedi tunazozungumzia hapa zina upepo kabla ya pigo na hazibadiliki lenyewe linapotokea.

Niisafishe kwa nini?

Maji ya vuguvugu, sabuni laini, kitambaa. Usitumie petroli, tina, asetoni wala dawa kali za kusafishia: ganda la plastiki ya polikaboneti hupata nyufa za ndani usizoziona. Kwa sababu hiyohiyo usipake rangi wala kubandika stika ambazo mtengenezaji hajaziruhusu. Ianike kivulini penye hewa. Buti la gari juani ni mahali pabaya kuliko pote pa kuihifadhi, kwa sponji na kwa upepo.

Naweza kuongeza pedi zangu mwenyewe, au kutoa zinazonibana?

Helmeti hupimwa na kuthibitishwa ikiwa kamili, pamoja na pedi zake, kwa kudondoshwa mara nyingi katika pande mbalimbali. Kwa kiwango cha NOCSAE, faharisi ya ukali wa pigo, yaani namba inayopima kishindo kinachofika kichwani, haitakiwi kuzidi 1200. Ukitoa pedi moja au ukaweka ya kampuni nyingine, umeunda helmeti mpya ambayo hakuna aliyewahi kuipima. Pedi za unene tofauti za modeli yako ni halali; hizo ndizo za kuagiza.

Helmeti inadumu muda gani?

Kwa futiboli, miaka 10 tangu kutengenezwa ndiyo mwisho unaokubalika. Tangu mwaka 2011, umoja wa wakarabati wa vifaa vya michezo Marekani, NAERA, hukataa kukarabati na kuthibitisha upya helmeti iliyozidi umri huo. Tarehe imechapwa au kubandikwa ndani ya ganda; ikiwa imefutika, ihesabu kuwa imezeeka. Kabla ya hapo, ufa wowote kwenye ganda, skrubu zilizolegea zisizokaza tena, au sponji iliyokauka na kumeguka ni sababu tosha ya kuiweka pembeni. Vifuko vya upepo huchoka kabla ya ganda, ila hivyo hubadilishwa.

Sindano imevunjikia ndani ya vali. Nifanye nini?

Usiivute kwa kucha wala usijaribu kuisukuma ndani. Kama ncha bado inaonekana, tone la kilainishi kisha koleo jembamba, kwa kuvuta wima. Kama imezama, fungua pedi, toa kifuko na uweke kingine, hata kama upepo haujaisha. Kipande cha chuma kinachozunguka ndani ya kifuko kitakitoboa, na kabla ya kukitoboa kitakuwa kinamgonga mchezaji kichwani.